Mpiga pasi aliyejifua kama shuka

Jumatatu, tarehe 9 Juni. Manyunyu yameanza kabla ya kupambazuka na hadi sasa hayajakatika. Upepo wa baridi unapita chini ya mlango. Nje, kamba za kuanikia ni tupu. Siku kama hii hakuna shuka linalosubiri jua. Yote yatakaushwa kwenye rola.

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, ndani ya chumba cha kufulia nguo cha hospitali, rola imeshapata moto. Ni mashine ndefu kama kitanda cha watu wawili, inayozunguka polepole na kutoa mvuke. Mbele yake wamesimama wanawake wawili. Mmoja ameshika ncha za shuka upande wa kushoto, mwenzake upande wa kulia. Wanalikung'uta mara moja, wanalivuta hadi linyooke, kisha wanalilaza kwenye rola, nalo linamezwa.

Shuka la kwanza linapita. La pili. La kumi na tano. Kwenye la kumi na sita, mkono wa kulia wa mwanamke aliye kushoto unafika usawa wa kifua na kugoma hapo.

"Vuta basi!" anasema mwenzake.

"Si ninavuta."

"Unavuta nini? Shuka limelala kama limeshiba."

Mwanamke wa kushoto anafumba macho kidogo, anauinua mkono kwa nguvu, na shuka linanyooka. Jasho lililo usoni mwake si la mvuke peke yake.

Kazini wanamwita Mama Mikunjo, kwa sababu hawezi kuona mkunjo kwenye shuka akauacha. Ana miaka thelathini na minane, na miaka kumi na minne kati ya hiyo ameimaliza mbele ya rola hii. Amekubali maisha yake yaandikwe kwa sharti moja: jina lake na la hospitali yasitajwe.

Kwa miaka tisa amekuwa akiishi na ugonjwa wa ngozi unaoleta majipu ya ndani, kwapani na kwenye kinena. Yanavimba, yanapasuka, yanaacha makovu, kisha yanarudi karibu na pale pale. Hapa kazini hakuna anayejua.

Leo saa nne, wakati wa chai, inabidi wajue. Ijumaa iliyopita msimamizi wake, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alimwambia kwamba kuanzia wiki ijayo atahamishiwa chumba cha kupokelea nguo chafu, kwa kuwa kazi yake kwenye rola imelegea. Labda awe na sababu ya kueleza.

"Sababu ninayo," anasema Mama Mikunjo, akiwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akisubiri mzigo mwingine utoke kukamuliwa. "Mdomo wa kuisema ndio sina."

Chumba cha nguo chafu ndicho anachokiogopa kuliko rola. Huko mashuka yanafika na damu na kila kitu kinachotoka kwa mgonjwa. Mtu mwenye vidonda vilivyo wazi kwapani angelazimika kubeba mafurushi hayo kifuani. Daktari wake alishamwonya mapema: huko asiende.

Ugonjwa ulianza kama uvimbe mdogo, mgumu, saizi ya harage. Alidhani ni wembe wa kunyolea. Akabadilisha wembe. Uvimbe ukarudi. Akadhani ni mafuta ya kupaka. Akaacha mafuta. Ukarudi, safari hii na ndugu zake wawili.

"Nilikwenda zahanati ya kwanza wakanipasua. Ya pili wakanipa vidonge vya siku saba. Ya tatu wakaniuliza kama naoga," anasema. "Mimi! Mtu ninayeshinda kwenye sabuni!"

Alizunguka zahanati sita. Moja ilimwambia aweke kitu cha moto, nyingine ikamwambia aweke cha baridi. Jirani alimwambia aache mayai. Shemeji yake alimwambia ni damu chafu, inatafuta pa kutokea. Kila mmoja alisema kwa uhakika, naye kila mara aliamini.

Swali lile la kuoga ndilo lililomwingia zaidi. Akajiona mchafu. Na mtu wa kufua, akiona uchafu, anajua la kufanya.

Katika kazi yao kuna utaratibu ambao mgeni hufundishwa siku ya kwanza. Damu huondolewa kwa maji baridi, kwa sababu ya moto huigandisha. Usaha hulowekwa kwenye maji ya chumvi. Harufu hukatwa na klorini. Mama Mikunjo amewafundisha wengi utaratibu huo. Jioni moja alijifungia bafuni kwake na kuufuata juu ya mwili wake mwenyewe, hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja.

"Maji baridi kwanza. Halafu chumvi. Halafu klorini, kifuniko kimoja kwenye ndoo, kama tunavyopimia mashuka ya wodi," anasimulia. "Nilijiambia, kama shuka la chumba cha upasuaji linatakata, kwapa la mtu litanishinda?"

Ngozi iliungua. Alikaa wiki nzima mikono ikiwa mbali na mbavu, kama mtu aliyebeba matikiti mawili. Akapona kuungua, majipu yakarudi. Alirudia klorini mara tatu katika miaka miwili.

Mume wake ni fundi viatu. Ana kibanda kando ya barabara, na anazungumza huku misumari midogo ikiwa mdomoni. Anasema kwa muda mrefu hakuelewa kinachoendelea nyumbani kwake.

"Alikuwa analala mikono ameiweka juu ya kichwa, kama mtu aliyekamatwa," anasema. "Nikamwuliza, mama watoto, umefanya kosa gani? Akacheka, halafu akalia. Mimi nikabaki nimeshika taa. Sikujua nicheke naye au nilie naye."

Alijua kuna majipu. Hakujua kwamba ni ugonjwa, wala kwamba mke wake aliogea dawa ya mashuka. Hilo amelijua mwaka huu.

Kutoka kwenye rola hadi kliniki ya ngozi ya hospitali hiyo hiyo ni hatua themanini. Mama Mikunjo amezihesabu. Mashuka ya vitanda vya kliniki hiyo huyanyoosha yeye. Kwa miaka tisa hakuwahi kuingia kama mgonjwa, kwa sababu kila mtu mle ndani anamfahamu, na mahali pa kuonyesha si mahali pa kumwonyesha mtu unayesalimiana naye kila asubuhi.

Mwanzoni mwa Machi, mpeleka mizigo hakufika kazini, naye akatumwa kupeleka mashuka. Alisimama kwenye korido ya kliniki, furushi mkononi, akisubiri mtu wa kulipokea. Ukutani kulikuwa na karatasi ya mafunzo, yenye picha.

"Nikaona kwapa langu ukutani," anasema. "Wallahi nilidhani wamenipiga picha. Makovu yale yale, vitundu vile vile. Nikasoma chini yake polepole, nikarudia. Imeandikwa: ugonjwa huu hauletwi na uchafu. Nikaweka mashuka chini."

Daktari wa ngozi aliyemwona siku hiyo anasema wagonjwa wengi humfikia wakiwa wamechelewa kama yeye. "Anakuja mtu na miaka minane, kumi, ya kupasuliwa na kushonwa. Na karibu wote wanaanza kwa kuniomba radhi. Wanasema, daktari, mimi huwa naoga."

Anaeleza kwamba vinyweleo huziba na mwili hujibu kwa kuwaka kupita kiasi chini ya ngozi. Hauambukizi. Unatulizwa, lakini mara nyingi hauondoki moja kwa moja. Kwa nini umpate huyu na umwache yule, bado haijulikani vizuri.

Hapo ndipo Mama Mikunjo alipochanganyikiwa upya. Alikuwa amepata jina la ugonjwa, refu, asiloweza kulitamka. Alitegemea kwamba jina lingekuja na sababu, na sababu ingekuja na dawa ya kumaliza. Alipewa vidonge vya miezi mitatu, sabuni laini ya kuogea, dawa ya maumivu, na onyo la kutokamua uvimbe. Aliambiwa avae nguo pana za pamba. Aliambiwa klorini aiachie mashuka.

Aliambiwa pia kwamba uvimbe mpya, kabla haujapasuka, unaweza kutulizwa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi. Lakini joto la rola, jasho na kuinua mikono huuchochea ugonjwa.

"Sasa mimi nielewe nini?" anauliza. "Moto wa nyumbani unanituliza, moto wa kazini unaniumiza. Na vyote ni moto."

Daktari alimwomba aandike siku zenye maumivu na zisizo na maumivu. Mama Mikunjo si mtu wa kuandika. Lakini katika chumba cha kufulia, kila shuka hutiwa alama ya uzi pembeni: mwekundu kwa chumba cha upasuaji, kijani kwa wodi ya watoto, buluu kwa wodi ya wanaume. Kwa hiyo akachukua sindano na kuanza kutia uzi kwenye upindo wa aproni yake kwa ndani. Mshono mmoja kwa kila siku. Mweupe, siku nzuri. Mwekundu, siku mbaya.

Aliporudi kliniki mwezi Mei, aligeuza upindo na kuuonyesha. Siku sitini, nyekundu ishirini na tatu.

"Nimefanya kazi hii miaka mingi, sijaletewa historia ya ugonjwa iliyoshonwa," anasema daktari. "Nilimwita muuguzi aje aone."

Walikaa wawili wakiusoma upindo. Nyekundu nyingi zilitangulia siku zake za hedhi. Nyingine zilifuata siku za mvua, wakati rola inapobeba kazi ya kamba. Lakini nyingine hazikufuata kitu chochote. Wiki moja ya mapumziko nyumbani, bila rola, bila mvua, zilisimama nyekundu tano mfululizo.

"Hizo tano ndizo zinazonisumbua akili," anasema. "Ningekuwa nimekosea mahali, ningejirekebisha. Nilipumzika, nilikunywa dawa, nilivaa gauni la mama mkwe, pana kama hema. Bado jipu likaja."

Ni mtu wa sala. Kila asubuhi hupiga magoti kabla ya kuwasha jiko, na hapo napo alipotea njia kwa muda.

"Nilikuwa sijui niombe nini. Nikiomba nipone, kesho linatoka jingine, naona kama sikusikilizwa. Nikiomba uvumilivu, naona kama nimekata tamaa kwa adabu. Siku nyingine nilipiga magoti nikanyamaza tu. Nikasema, Baba, hata wewe unaona. Nikainuka nikachemsha chai."

Sasa, anasema, huomba siku moja moja. Mungu anampa, au hampi, lakini ombi lenyewe analielewa.

Kilichomfanya ashindwe kunyamaza ni jambo lililotokea wiki tatu zilizopita.

Kwa miaka yote hii amekuwa akichana vipande kutoka kwenye mashuka yaliyotolewa kazini kwa uchakavu, anavikunja mara nne na kuvibana kwa pini ndani ya blauzi, chini ya kwapa, vinyonye usaha. Asubuhi hiyo pini ilifunguka. Walipokung'uta shuka, kipande kikaruka, kikatua katikati ya kitambaa cheupe, na kabla mtu hajaona rola ikawa imekimeza.

Kilitokea upande wa pili kimebanwa bapa, kimegandamana na shuka, na doa la kahawia limesambaa kama ramani. Shuka lilikuwa na uzi mwekundu. La chumba cha upasuaji.

Msimamizi alisimamisha kazi. Mashuka mia na arobaini yalirudishwa kufuliwa upya. Kwa kuwa kila kitambaa kinachofika kwenye rola kinahesabika kimefuliwa, lawama ilimwangukia mwendesha mashine ya kufua, baba wa mapacha wanayemwita Povu. Alipewa barua ya onyo. Alijitetea kwamba hajawahi kupitisha kitu kama kile. Hakuna aliyemwamini.

"Nilisimama pale nikiangalia kitambaa changu kama sikijui," anasema Mama Mikunjo. "Povu aligeuka akatuangalia wote, mmoja mmoja. Akafika kwangu. Mimi nikainama nikaokota kibanio ambacho hakikuanguka."

Rola inazunguka nyuma yake.

"Maumivu ya kwapa nayajua yanapokaa. Haya sikujua niyapake nini."

Saa nne inafika. Manyunyu bado yapo. Rola imezimwa ipumzike, na watu saba wamekaa kuzunguka meza ya kukunjia nguo, vikombe mkononi: msimamizi, Povu, wakunjaji wawili, mzee anayetunza boila ya kuchemshia maji, Mama Mikunjo, na mwenzake wa rola, ambaye kwa hasira zake za haraka wanamwita Kibiriti.

Kibiriti ndiye aliyepeleka malalamiko kwa msimamizi. Hafichi. "Shuka linasema," anaeleza. "Mkishika wawili, unajua mwenzako amelalaje, amekula nini, amegombana na nani. Huyu miezi na miezi ananiletea shuka limelegea. Nikimuuliza, niko sawa. Nikasema, haya, ni dharau."

Mama Mikunjo anasimama. Kikombe chake hakijaguswa. Anasema ana neno, kisha neno linamkimbia. Anaanza na zahanati, anarudi kwenye wembe, anaruka hadi kwenye picha ya ukutani. Mzee wa boila anamwuliza kama ametumwa na daktari kuwafundisha. Hatimaye anafungua vitufe vya juu vya blauzi, anaisogeza kidogo tu kwapani, wanawake waliokaa karibu wanaona, na Kibiriti anaweka kikombe chini.

"Miaka mingapi?" anauliza Kibiriti.

"Tisa."

"Mwenzangu! Na mimi nakupigia kelele vuta, vuta!"

"Ulikuwa unapiga."

"Nilidhani umeninunia."

"Mimi ninune kwa shuka? Nina mdomo."

"Mdomo gani? Miaka tisa haujafunguka!"

Wanacheka, na mkunjaji mmoja anatumia nafasi hiyo kuuliza lile ambalo wengine wanaliogopa: je, hauambukizi?

"Hauambukizi. Muulize fundi viatu wangu. Miaka tisa kitanda kimoja, hana hata kipele."

"Basi ni kama wifi," anasema Kibiriti. "Anakuja bila taarifa, hasemi anaondoka lini, na kaka mtu hana habari."

Kicheko kinazima Mama Mikunjo anapomgeukia Povu. Anamwambia kitambaa kile kilikuwa chake. Anasema kilitoka wapi na kilifikaje. Anasema alimwona anapewa barua, akanyamaza.

Povu anazungusha kikombe mezani.

"Mama, ile barua nimelala nayo wiki tatu," anasema. "Mke wangu ameisoma hadi ameikariri. Nimekuwa nafua huku nakagua kila soksi. Nikawa nafikiri, labda kweli nimeanza kuzeeka macho."

"Nisamehe, kaka yangu."

"Sijui nikwambie nini. Nimekukasirikia, na nakuonea huruma, vyote kwa wakati mmoja. Sijui kipi kitangulie. Nipe siku mbili."

"Chukua hata tatu."

Msimamizi amesikiliza yote bila kukatiza. Mama Mikunjo anamkabidhi karatasi ya daktari, aliyokaa nayo tangu Machi ikiwa imekunjwa ndani ya sidiria hadi herufi zimeanza kufifia. Msimamizi anaisoma, anaigeuza nyuma kama kuna kingine, anaisoma tena.

"Mimi mwenyewe sijui hili linaandikwa wapi," anasema. "Nina fomu ya homa, nina fomu ya kuungua, nina fomu ya uzazi. Hii haina fomu."

Hata hivyo anaamua papo hapo. Barua ya Povu itafutwa leo, na atakayeandika kwamba imefutwa ni yeye. Mama Mikunjo haendi chumba cha nguo chafu. Atabaki kwenye rola kwa zamu: nusu saa ya kuvuta, nusu saa ya kukunja mezani. Siku mbaya hatashika rola kabisa. Mkunjaji mmoja atachukua nafasi yake. Watajaribu hivyo kwa miezi mitatu, waone.

Kuna jambo jingine lililo mbele. Daktari amependekeza upasuaji wa kwapa la kulia, ili kuondoa njia za usaha zilizojichimba chini ya ngozi. Kidonda kitachukua wiki nyingi kufunga, na hakuna ahadi kwamba majipu hayatatokea kwingine. Mama Mikunjo hajajua ajibu nini. Mume wake anasema akubali. Yeye anasema anaomba kwanza, na kwamba kama kazi itamsubiri, huenda akakubali mwezi Agosti. Anatamani, anasema, siku moja aweze kumbeba mjukuu bila kuchagua upande. Mjukuu mwenyewe bado hayupo. Binti yake mkubwa ndiyo kwanza anamaliza shule.

Msimamizi anakunja karatasi. Bado ana swali.

"Hiyo siku mbaya nitaijuaje? Miaka tisa nakuuliza hali, unaniambia nzuri. Ulikuwa unanitazama machoni."

Mama Mikunjo anaangalia meza.

"Nataka uahidi," anasema msimamizi. "Na usiniahidi mimi peke yangu. Waahidi hawa. Wao ndio watakaovuta upande wako."

Maji ya mvua yanasikika kwenye mfereji wa bati. Mzee wa boila anavua kofia, pengine kwa sababu ya joto. Povu bado anatazama kikombe chake, lakini amekaa, hajaondoka. Mama Mikunjo anajifuta mikono kwenye aproni, na safari hii neno halimkimbii.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote," anasema, "siku nikiumwa nitasema naumwa. Nitasema asubuhi, kabla hatujashika shuka la kwanza, hata kama ni jana tu nilisema, hata kama sijui kwa nini. Na nikikosea, nitasema ni mimi siku hiyo hiyo. Povu, hutabeba tena kosa langu. Naahidi."